Vinywele vya Tairi

Mwanjelwa, saa tatu asubuhi. Mvua imenyamaza kidogo,
kama mbebaji aliyetua mzigo abadili bega.
Pindoni mwa khanga nina laki nne, pesa ya viazi,
na pale barabarani Noah yetu imeegeshwa kimshazari:
matairi ya mbele vipara, yanang'aa
kama kichwa cha shemeji Gwakisa;
ya nyuma yamebakiwa na kashata za kuhesabu.

Kijana wa kwanza ananibingirishia la mtumba.
"Dada, hili halijakanyaga hata jiwe."
Jeusi tii, limepakwa dawa,
linanukia viatu vya Jumapili.
Nainama. Ubavuni, karibu na rimu,
tarakimu nne ambazo kitambaa chake kilizisahau:
3813.
Wiki ya thelathini na nane, mwaka wa kumi na tatu.
Mwezi ule nilikuwa wodini na Tumpe, ana siku mbili,
ngumi zimefumbwa.
Leo Tumpe anavaa viatu vyangu bila kuniomba.
Nalikandamiza kwa gumba, na nyufa zinafunguka,
nyembamba, nyingi,
kama kisigino cha mtu mwezi wa sita.

Umri ni umri, kijana.
Hata kwa aliyekaa kivulini hazeeki peke yake jua.

Simu inalia. Ni Ambakisye, yuko kazini, anapiga kelele juu ya mashine:
"Chukua manne ya bei rahisi, tumalize!"
"Tumalize nini?" nauliza.
Mashine inasaga.
Haijibu, naye hajibu.

Kwa Sanga hakuna bei inayoshuka,
ila utaongezewa kigoda ukae.
Haulizi nina shilingi ngapi.
Anauliza gari linapita wapi.
Makete, nasema, kwa mama, kupitia Isyonje.
Lami, halafu ukungu, halafu ule udongo mwekundu
unaoshika gurudumu kama mdai.
"Na nani anakaa wapi?"
Swali gani hili? Lakini najibu:
mbele mimi na Ambakisye. Katikati Tumpe, ndoo, magunia.
Nyuma kabisa mama, siku za kliniki,
na Anyelwisye, analala mdomo wazi kabla hatujafika Uyole.

Sanga anapangusa mikono kwenye suruali
ambayo ni chafu kuliko mikono.
"Basi chukua mawili mazuri. Tufunge nyuma."
Nyuma! Mtaa mzima unajua mapya hufungwa mbele.
"Mbele likiteleza, mama, usukani utakunong'oneza.
Nyuma likiteleza, utaambiwa na korongo."

Sikubishana.
Yale ya nyuma yenye kashata yakahamia mbele,
vipara vikatupwa pembeni, kimoja juu ya kingine,
na mapya yakaingia mahali pao, laki tatu na arobaini.
Manne kamili yasubiri pareto ilipe.
Akajaza upepo, akapima, akatoa kidogo, akapima tena,
kama mtu anayeonja chumvi.
Anyelwisye amechuchumaa, anang'oa vile vinywele vya mpira
vinavyoota kwenye tairi jipya,
anavihesabu kwa sauti, anapotea kwenye ishirini, anaanza upya.

Jumamosi, Isyonje, ukungu ulitukalia kiooni.
Sikuona barabara; niliona nusu yake, na nusu niliikumbuka.
Kwenye kona ya mteremko, pale penye tope lililomwagwa na malori,
nilisubiri mkia wa gari uninyang'anye uamuzi.
Haukufanya hivyo. Ulinifuata kimya,
kama ng'ombe anayelijua zizi.
Huko nyuma mama alikuwa anamenya yai.
Aliuliza kama nimeleta chumvi.

Jumatatu nafua sare za shule.
Mfukoni mwa Anyelwisye: kizibo cha soda, nusu penseli,
na vinywele vyeusi vya mpira, labda kumi na tisa.
Ningevimwaga na povu.
Nikavikausha, nikavirudisha.